Mota za Baba na Ufunguo wa Chumba cha Uani

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza baba yetu, mimi ni binti yake wa kwanza, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Sumaku, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, akamaliza shule ya msingi mwaka 1965, akaingia chuo cha ufundi, kisha akaajiriwa kusuka mota, yaani kuzizungushia upya waya wa shaba, katika karakana ya pampu za maji, hadi alipostaafu mwaka 2011.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na mama yetu, wakajaliwa watoto watatu, na mama alizoea kulalamika huku anacheka kwamba ameletewa mke mwenza wa chuma, kwani kila jioni baba alijifungia chumba cha uani akiunda upya mota za umeme za mwanzo kabisa, moja ikiwa waya unaozunguka sumaku ndani ya kikombe cha maji ya chumvi, nyingine mkono wa chuma unaopanda na kushuka, na kwa kuwa wabunifu wa kale walilazimika kuufunika waya kwa mikono yao ili umeme usivuje, naye aliuviringishia uzi wa cherehani ya mama, bila kuomba ruhusa. Zote zilifanya kazi.

Februari 2022 alipata kiharusi, akalazwa, na ufunguo wa chumba akamkabidhi mdogo wake wa damu, baba yetu mdogo, ambaye yuko nasi hapa mstari wa mbele. Kila alipokuja wodini baba alimuuliza hali ya mota, naye alijibu bila kupepesa macho kwamba kaka asiwe na shaka, anazipangusa vumbi, ilhali alikwisha kuzinyofoa shaba na kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwezi Mei baba alirudi nyumbani, akaomba asukumwe kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha uani, akakuta meza tupu. Mtu aliyezungusha mota maisha yake yote alizungukwa na ndugu yake, na kinachoniuma hadi leo ni kwamba alimtetea, akasema huenda alikuwa na shida. Hakushika tena bisibisi, hadi alipofariki tarehe 9 Septemba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake wa karakana waliolibeba jeneza. Baba mdogo ameomba atoe neno la shukrani kwa niaba ya familia, ombi lake tumelisikia, na neno hilo nimekwisha kulitoa mimi.

Baba yetu, sasa pumzika kwa amani.