Mama Gasper na Foleni Tatu za Dar es Salaam

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Muuguzi Oliva Nangomwa, ambaye wote tunamwita Mama Gasper, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, yote katika hospitali yetu hapa Newala. Mimi niliyepewa jukumu la kuandika haya ni Abdulatifu wa dirisha la kadi. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na sikumbuki siku iliyopita bila yeye kuniuliza swali.

Alizaliwa Chidya, ambako baba yake alikuwa mpishi wa shule. Alisomea uuguzi Masasi, akapangiwa wodi ya wanaume hapa kwetu, na udadisi wake ukaanza kusumbua watu. Alitaka kujua kwa nini wagonjwa wa kifafa wanaletwa wameungua kwa kuangukia moto, wanafungwa bandeji, kisha wanarudishwa nyumbani bila kidonge hata kimoja. Akaomba stoo ya magodoro mabovu, akaisafisha na kufungua kliniki ya kifafa kila Jumanne. Alianza na wagonjwa saba. Leo wako mia nne na kumi na wawili, na anajua nani anakunywa dawa na nani anazirundika juu ya kabati.

Jambo moja lilimnyima raha. Kliniki haikuwa na daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, na umri wa kustaafu ulikuwa unamkaribia. Wagonjwa wenye hali ngumu walipewa rufaa ya Dar es Salaam, na wengi hawakwenda. Miaka mitano iliyopita, mganga mfawidhi alitangaza kwamba hospitali itamsomesha ubingwa huo Dk. Mujibu kwa miaka minne. Tulifurahi, lakini kwa wasiwasi. Wawili waliotangulia kusomeshwa, wa macho na wa mifupa, walipomaliza walibaki hukohuko jijini.

Jijini zilikuwepo hospitali tatu zinazofundisha ubingwa wa aina hiyo. Dk. Mujibu alishachagua ile yenye mashine mpya za kupiga picha za ubongo. Mama Gasper aliuliza kama kuna mtu amekwenda kuziona zote tatu. Hakukuwa na mtu. Basi akachukua likizo yake, akapanda basi.

Sisi wa Newala tumelelewa na shida ya maji. Hatumuulizi mwenye bomba kama maji yanatoka; tunawauliza waliopanga foleni na ndoo zao. Mama Gasper alikwenda na mazoea hayo hadi Dar. Vipeperushi alivipokea kwa adabu na kuvitia mkobani, kisha akaenda kukaa kwenye mabenchi ya wagonjwa na daftari lake la mistari. Kila aliyekaa jirani yake alimuuliza swali lilelile: daktari aliyekuona mara ya mwisho, leo utamwona tena?

Kwenye hospitali ya mashine walimcheka. Kila wakija wanakuta sura mpya, kwa sababu madaktari wanafunzi huhamishwa kitengo kila mwezi. Hospitali ya pili ilikuwa na maprofesa wanaosifika, lakini wanafunzi walisimama nyuma yao wakiandika tu, wala hakumwona hata mmoja akimgusa mgonjwa. Ya tatu ilikuwa ndogo na paa lake linavuja. Huko alikaa muda mrefu mno, hata karani akamwandikisha, na jina lake likaitwa. Badala ya kusema ukweli, akaingia. Daktari mwanafunzi alimwamkia, akamgonga magoti kwa kinyundo, akamtembeza kwa visigino, akamuuliza anatoka wapi na atafikaje kliniki ijayo. Aliposikia ni Newala, alifuta tarehe aliyokuwa ameandika, wakapanga nyingine pamoja. Mama Gasper alitoka na kadi yenye tarehe ya kurudi. Hajarudi mpaka leo, nasi tunamtania kuwa ni mtoro wa kliniki.

Alipofika Newala aliweka daftari mezani kwa mganga mfawidhi na kupendekeza ile ya tatu. Tusifichane, Dk. Mujibu alikasirika. Alisema hawezi kuchaguliwa pa kusoma na foleni. Mama Gasper alimjibu taratibu kwamba hapa Newala hatazikuta mashine zile, atawakuta watu. Kikao kiliamua ya tatu, na kwa mwaka mzima daktari hakumpigia simu.

Mwaka wa pili alipiga. Alitaka kujua Mama Gasper anawafuatiliaje wagonjwa wanaopotea msimu wa korosho, maana na yeye huko alikuwa amekabidhiwa wagonjwa mia na ishirini, wa kwake mpaka amalize, na baadhi yao walikuwa wameanza kupotea. Waliongea mpaka salio likakatika.

Dk. Mujibu alirudi mwezi Mei. Wiki hizi wamekaa chumba kimoja, Mama Gasper akimtambulisha kwa wagonjwa mmoja mmoja, na sisi wengine tukisikilizia kama kweli atakaa. Jumanne iliyopita, kliniki yake ya mwisho, Mama Gasper hakuingia ndani. Alikaa kwenye benchi mbele ya dirisha langu na lile daftari la Dar. Dauda, mkulima wa korosho wa Chilangala, alipotoka kwa daktari, Mama Gasper akamuuliza kama atamwona tena daktari huyo.

"Kasema nije Septemba, korosho hazijaanza kuanguka," Dauda alimjibu. "Kasema Oktoba sitakuja, ananijua. Na atakuwepo yeye mwenyewe."

Mama Gasper aliandika, akafunga daftari, akanipitishia dirishani nilitunze. Nimeliweka pamoja na kadi za wagonjwa wake.

Ahsante, Mama Gasper, kwa wale saba na kwa wote waliowafuata. Kaishi vizuri Chidya, kwa afya na kwa amani. Na Jumanne yoyote ukipita huku, benchi lako lipo. Kaa, uwaulize.