Mchumba Mchunga Vitabu

Lackson, aliyekuwa mtunza maktaba kwa miaka tisa sasa, alikuwa hoi juu ya lori la samaki kutoka Mununga, ameegemea sanduku la vitabu. Mbele yake wachuuzi wawili waliokutana humo humo walizungumza.

"Mutoto wangu anaposwa na mutu wa kuchunga bitabu," alisema mmoja, Mama Felistus.

"Kataa, mama! Bale ni bavivu. Banaikala tu ku kiti, ukikohoa, banasema, 'Nyamaza!' Atamunyamazisha mutoto wako mpaka ku jiko."

Lackson akajinyoosha. Mgongo ulimuuma kwa kubeba masanduku.

"Lakini bwana yangu alipokufa ku mugodi, barua ilikuya ya Kizungu. Makarani walinifukuza. Ule kijana wa bitabu alinisomea mara tatu, polepole, mpaka nikamaliza kulia."

"Kusoma si kazi, mama."

"Na kungojea mutu analia, si kazi?"

Mwenzake akamgeukia Lackson. "Baba, utuamulie. Mutoto wako, ungemuachia afanye kazi ya vile?"

Mwaka jana mwana wa Lackson aliitaka kazi hiyo hiyo ya maktaba, na yeye mwenyewe ndiye aliyemkataza. Lori likasimama Nchelenge. Akajitwika sanduku, akashuka.