Wenzake Mbeti

Mwaka wa 1998, katika Peugeot ya abiria iliyotoka Nyeri kwenda Embu, niliketi nyuma ya mwalimu wa hesabu wa shule ya Giakanja na mama mmoja wa Embu. Walikuwa wamejuana pale stendi tu.

“Msichana yangu Mbeti ako Cape Town,” mama alisema. “Anasoma uchumi ya sigara. Ati ushuru ikipanda, ni watu wangapi wataacha kuvuta.”

Mwalimu akacheka. “Si angesoma hiyo Nairobi?”

“Nani angemfundisha? Anasema hapa kwetu hakuna mtu wa hiyo kazi. Hizo hesabu za sigara zote zinafanywa na Wazungu.”

“Na nyinyi huko si mnalima tumbako?”

“Nililima. Ndiyo ilimsomesha. Baba yake naye aliivuta mpaka kifua ikamuua.”

Dereva alitupa kipande cha sigara dirishani, akawasha nyingine.

“Basi atarudi lini?”

“Amepewa kazi huko. Anasema akirudi atakuwa peke yake, hana hata mtu wa kumwambia hapa umekosea. Akipata wenzake atakuja.” Mama alimgeukia. “Mwalimu, kwa shule yako hakuna mtoto anapenda hesabu?”

“Kuna mmoja, Nduta. Lakini anataka kuwa daktari.”

“Muongeleshe.”

“Mama, huyo ako fomu ya pili tu. Itachukua miaka mingi.”

“Mimi nimezoea kungoja.”

Gari likasimama Karatina. Mwalimu alishuka, akaaga, akaanza kuondoka. Mama akatoa kichwa dirishani.

“Nduta wa nani?” akamwita.