Taulo Begani kwa Mtoto wa Watu

Baharia alimkumbatia mtoto wa watu. Wala si kumkumbatia kidogo: alimfunika taulo gubigubi, akambusu juu ya kofia ya mpira, akapiga vigelegele visivyofanana na kitambi chake. Yule msichana, akitweta na kutema maji ya chumvi, akamwuliza, "Samahani, wewe ni nani?" Watu ufukweni walikaa chini kwa kucheka. Waogeleaji wote waliovuka bahari siku ile, kutoka kisiwa kidogo hadi kikubwa, walivaa kofia za njano na miwani ya kubana macho. Lakini Baharia mwenyewe ndiye aliyeomba kushika taulo la Pomboo, binti wa Kinyozi, aliyemwona akikua na kumwombea ruhusa ya kuogelea kwa baba yake. Miaka yote aliyopika melini, bandari hii na ile, alijisifu kwamba anamjua mtu kwa kisogo.

Pomboo mwenyewe alifika baadaye sana. Ufukwe ulikuwa mtupu: hakuna utepe wa kumalizia, hakuna mashua, hakuna mtu. Tangu siku hiyo hajatia hata unyayo baharini, na benchi la mbele ya duka la Kinyozi halina mazungumzo mengine.

— Mkondo ule, alisema Profesa, fundi simu ambaye shule aliiona kwa nje. Ulimvuta pembeni.

— Mkondo gani? alidakia Kipimo, fundi cherehani. Kofia! Kichwa cha mtoto hakikupimwa. Kofia ikibana, damu haishuki miguuni. Wangeniita mimi.

— Ukashone mpira?

— Ningeutia rinda.

— Halafu eti mashindano ya maji wazi. Kwani kuna maji yaliyofungwa?

— Yapo. Ya bombani kwetu, mwezi wa pili huu.

Walicheka. Baharia naye alicheka, akamimina kahawa, akaungua kidole, akajitukana.

— Nyie hamfikirii, alisema Profesa, akishusha sauti kama mwenye siri ya serikali. Kisiwa kinasogea.

— Kinasogea kwenda wapi, bwana wee?

— Upepo unapokipeleka. Siku ile kilisogea. Mtoto alifika pale pale alipoelekezwa. Sisi ndio tuliokuwa tumehama.

— Hapo nakuunga mkono, alisema Kipimo. Hata mlango wangu siku hizi haufungi vizuri.

Baharia aliinamia kikombe. Aliwajua rafiki zake. Wiki nzima walikuwa wakizua mikondo na kofia na visiwa vyenye miguu, na kila uongo ulikuwa mkeka wanaomtandikia yeye ili asikae kwenye kokoto. Hakuna aliyelitaja lile jambo lenyewe.

Ndani, karibu na dirisha lililo wazi, Kinyozi alikuwa akimnyoa mteja mgeni, povu limemjaa shavu moja.

— Samahani, wazee wangu, alisema mgeni. Nauliza tu. Mashua za waokozi ziliondokaje na mtoto bado yumo majini?

Kipimo alianza kutafuta sindano kwenye ukosi wa shati. Profesa aliitazama simu aliyokuwa ameshaifungua, akaifungua zaidi.

Wote walijua. Mwenye kipenga aliuliza siku ile, "Huyo nani?" na Baharia, taulo mkononi, akapaza sauti: "Pomboo wetu!" Msichana yule alikuwa keshahesabiwa kwenye utepe, akahesabiwa tena kwa jina la mwenzake. Hesabu ikatimia. Kipenga kikalia, mashua zikaitwa zirudi. Baharia alipogundua kosa, angeweza kumkimbilia mwenye kipenga. Lakini kicheko kilikuwa kitamu, naye ndiye aliyekuwa katikati yake. Alijiambia Pomboo atakuwa ametolewa na mashua mapema, akaondoka na watu, akiwasimulia upya mpaka hapa benchini.

— Mwanangu hakuvutwa na mkondo, alisema Kinyozi, wembe umesimama hewani. Mwanangu si mwepesi. Alikuwa wa mwisho, basi. Kwani wa mwisho hangojwi?

Akaurudisha wembe shavuni mwa mgeni.

Pomboo alitokea uani na ndoo ya maji moto ya dukani. Akawaamkia wote, na alipofika kwa Baharia hakumtazama. Baharia alisimama. Utani wote aliokuwa nao, wa bandari zote, ulimkauka mdomoni.

— Pomboo, mwanangu. Mwakani utaingia tena?

Msichana alitua ndoo chini, akanyoosha mgongo.

— Nitaingia, mjomba.

Uso wa Baharia ulifunguka.

— Basi mimi, wallahi, nitasimama pale ufukweni mpaka…

— Wewe usije.