Mama Taratibu na Visoma-Kadi Vilivyogoma

Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu, Mama Taratibu wa masjala anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na mmoja.

Aliajiriwa kubeba mafaili kutoka dirishani hadi wodini. Kompyuta zilipoingia, wenzake wengi walizifunika vitambaa zisipate vumbi. Yeye alikaa nazo hadi zikamzoea. Jina lake linatokana na neno analotuambia tukianza kubonyeza ovyo: taratibu, wanangu, mashine haikimbii.

Kompyuta zetu zilipohamishiwa Linux, mfumo mpya wa kuziendesha, tuliletewa visoma-kadi thelathini na viwili vya kusomea kadi za wagonjwa. Vyote vikagoma. Waliovileta wakasema ni vibovu, wakaanza kuvirudisha kwenye maboksi. Mama Taratibu akaomba aachiwe kimoja. Siku ya tatu akagundua kwamba hakina ubovu wowote. Viendeshi, yaani zile programu zinazoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, vilikuwa viwili. Kile cha Linux yenyewe kilikuwa kinakidaka kisoma-kadi mara tu kompyuta inapowaka. Kile kinachotakiwa kikifika, kinakuta nafasi imeshakaliwa. Mafahali wawili, alisema, hawakai zizi moja. Akakizuia cha kwanza, akaizima kompyuta na kuiwasha upya, kadi ikasomeka. Foleni ya kliniki ya watoto, iliyokuwa ikila asubuhi nzima, ikaanza kuisha kabla ya chai.

Sifa hizo zikamponza. Mwaka huu mkuu wetu alimtaka aongeze mwaka mmoja, maana hakuna mwingine aliyeijua kazi hiyo. Nyumbani yuko mume ambaye macho yake yamepungua nuru, na Mama alikwisha kumwahidi kwamba baada ya kazi ni zamu yake. Mama hakubishana. Aliomba wiki tatu na makarani watatu. Mkuu akakubali: wakiweza peke yao, aende.

Makarani hao ni sisi, na alitufundisha bila kutudekeza. Ukimaliza kuweka kila kitu na kadi ikasomeka, anafuta yote, anakurudisha kitini. Mmoja wetu, mwenye mtoto wa miezi minane na usingizi wa kuungaunga, alifutiwa mara sita kwa siku moja, akanuna. Mama alimpokea mtoto, akambembeleza, lakini mara ya saba ilikuwa pale pale.

Jumatatu tulipimwa kwenye kompyuta mpya, yeye akiwa ameketishwa koridoni. Kisoma-kadi kikagoma. Mkuu akatazama saa. Hakuna aliyetoka kwenda kumwita. Tukarudia hatua moja moja, tukaona tumekizuia kiendeshi lakini tumesahau kuiwasha kompyuta upya. Tukaiwasha. Kadi ikasomeka, na mkuu akaitia saini barua ya kustaafu papo hapo dirishani. Mama alipopewa, alitaka kwanza kujua kwa nini tumekawia.

Asante, Mama, kwa kutukatalia njia ya mkato. Mwambie mzee zamu yake imefika. Simu yako ikilia asubuhi, ujue si masjala. Tunawatakia nyote wawili siku nyingi zenye afya na utulivu.