Mgeni wa Miaka Arobaini na Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, shikeni vikombe vyenu vya kahawa tukae pamoja. Mimi ni Corinne wenu, na leo tunamkumbuka Bi Wilda Tveit wa hapa hapa Dunmarrow, aliyetutoka akiwa na miaka themanini na tatu.

Bi Wilda alihudhuria mikutano ya Umoja wa Wanawake kwa miaka arobaini na mmoja. Narudia, arobaini na mmoja. Na hakuwa mwanachama hata siku moja.

Mnanijua nilivyo mdadisi. Jambo hili lilininyima raha.

Ukumbi wetu mnaujua. Pale mlangoni kuna benchi la wageni. Kanuni inasema mgeni akae hapo mikutano mitatu, asipige kura, anywe chai mwisho. Baada ya mitatu anaulizwa mbele ya wote: unakubali kujiunga? Akikubali, anavishwa beji na kusogea mbele, karibu na jiko la kuotea moto. Akikataa je? Kanuni haisemi. Walioiandika hawakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu atakayekataa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Wilda jembe alilishika tangu siku ya kwanza. Aliosha vikombe. Alileta pai ya saskatoon, yale matunda yetu madogo ya zambarau, ile ya maganda membamba. Kisha alirudi mlangoni, akajifunga koti lake la kahawia, upepo ukimpiga miguuni. Mnaijua baridi ya Januari yetu, jamani!

Sasa amekufa. Binti yake, Arlene, akampigia simu mwenyekiti, Bi Thelma Ostby. Aliomba kitu kimoja tu: jeneza la mama lifunikwe blanketi la viraka la Umoja, lile lenye majina ya wanachama. Bi Thelma akasema hapana. Blanketi ni la wanachama.

Mji ulichemka. Mimi nikavaa buti, nikaenda kwake.

"Bi Thelma, una roho ya jiwe?"

"Kaa chini, we mtoto, usinifokee kwangu," akasema. "Nimekuwa mwenyekiti miaka ishirini na miwili. Kila Januari nimemuuliza. Ishirini na mbili! Kila mara ananijibu, 'Mwakani, Thelma.' Alitukataa sisi, Corinne. Mbele ya watu wote."

Macho yake yalikuwa mekundu. Loo, kumbe aliyeumia ni yeye.

Lakini kwa nini Bi Wilda alikataa? Nikamuuliza Marivic, muuguzi wa nyumba ya wazee, aliyekuja hapa kutoka Ufilipino.

"Mkutano wangu wa kwanza nilitaka kukimbia," akaniambia. "Wote mbele wanacheka, wanajuana. Mlangoni bibi mmoja yuko peke yake. Akapigapiga benchi kwa kiganja: 'Sogea hapa, mwanangu. Na mimi ni mgeni.' Nikadhani naye kaja juzi! Nilipovishwa beji ndipo nikaambiwa kwamba benchi lile lina mwenyewe."

Nikaenda kwa Arlene. Alikuwa anakunja nguo za mama yake.

"Mama alipohamia hapa alikaa pale miezi mitatu peke yake," akasema. "Hakusemeshwa na mtu. Chai ilimfikia imeshapoa. Siku ya kuulizwa, akamwona mwanamke mwingine anaingia, anatafuta pa kukaa. Basi mama akasema, mwakani. Nilimgombeza sana. Akanijibu, 'Nikisogea mbele, nani atabaki mlangoni?'"

Nikarudi kwa Bi Thelma, nikamweleza neno kwa neno. Akauliza, "Mbona hakuniambia?"

"Ungefanyaje, bibi?"

"Ningemwambia kanuni ni kanuni," akasema.

Na blanketi hakulitoa. Kanuni inataka mtu akubali kwa kinywa chake, na kinywa cha Bi Wilda kilikuwa kimefungwa. Ijumaa jeneza lilipita kanisani bila blanketi. Arlene alilifunika kwa lile koti la kahawia. Sitawaficha, nilikasirika mpaka nikashindwa kuimba.

Lakini sikilizeni. Jumanne kulikuwa na mkutano, na nilikuwepo. Aliingia mgeni, mke wa fundi mpya wa matrekta, bado kijana tu. Akakaa mlangoni, mikono katikati ya magoti. Bi Thelma alisimama kufungua mkutano. Akamtazama. Akavua beji yake, ile ya mwenyekiti, akaiweka mezani. Akachukua koti lake, akatembea na mkongojo wake hadi mlangoni, sisi wote midomo wazi.

"Sogea kidogo, mwanangu," akasema. "Na mimi ni mgeni."

Arlene na jamaa wote wa marehemu, poleni sana. Mungu ampumzishe Bi Wilda, mahali pasipo na upepo wa mlangoni. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkienda kanisani, kwenye chama, popote mnapojuana, geukeni mtazame nyuma, mwone nani amekaa huko.

Mkutano ujao ni Jumanne ya pili ya mwezi. Bi Thelma ameniambia nije na koti zito.