Ufagio Mlangoni kwa Lempi

Benchi la mbele ya duka la Kortesalmi, huku Ufini, linatazamana na mlango wa jirani yao, Bi Lempi, na asubuhi ile wazee watatu walikuwa wameukodolea macho kahawa ikiwapoa mikononi. Ufagio wa matawi ulikuwa umeegemezwa pale. Kwetu hiyo ni lugha tosha: mwenyewe hayupo, usijisumbue. Lakini bomba la jiko lilikuwa linafuka moshi. Urho, aliyempenda Lempi miaka mingi na hajathubutu kumwambia, alikuwa hajaligusa andazi lake la iliki.

— Nyuzi ishirini na tano, alisema Kalervo, aitwaye Kipimajoto kwa kuwa hana salamu nyingine. Nani anawasha jiko la kuota moto kwenye joto hili?

— Na mwenyewe hayupo, akadakia Bi Taimi, Redio ya kijiji. Si ufagio huo hapo?

— Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu, akasema Kipimajoto.

— Mvua imeingiaje hapa? Sisi tunaongelea moshi!

Jumamosi iliyopita walikuwa wamekwenda na Lempi kwa basi la wastaafu kutazama makumbusho ya wilaya, yenye nyumba kongwe ya magogo. Lempi alichoka, akajinyoosha kwenye kitanda cha kale katika chumba cha nyuma cha nyumba hiyo. Urho alitoka wa mwisho, akadhani ndani hamna mtu. Akauegemeza mlangoni ufagio wa pale, mzaha tu, wenzake wacheke. Basini hakumwona Lempi. Redio akaapa kwamba kaondoka na gari la mpwa wake.

— Huyo mpwa nimempigia, Urho akasema. Yuko Uswidi tangu mwezi wa tano.

— Basi nyumba imemchukua, akasema Redio. Nyumba ya magogo haipendi kuachwa tupu, bwana. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Au wamebadilishana, akasema Kipimajoto. Yeye kabaki kule, wa kule kaja hapa. Ndiyo maana jiko linawaka. Watu wa zamani wale wana baridi.

— Acheni, jamani.

— Hebu utazame vizuri ule ufagio, Urho, akasema Redio.

Alikuwa ameshautazama. Ulifungwa kwa kitambaa chekundu, kama ule alioushika kule makumbusho. Wa Lempi umefungwa kwa waya. Urho aliogopa, woga ambao hakuwa ameuonja tangu utotoni.

Binti wa posta, mgeni kutoka mjini, akasimamisha baiskeli.

— Shikamooni, wazee. Kuna nini?

— Lempi. Hajaonekana tangu Jumamosi.

— Mmebisha hodi?

Kipimajoto akatazama angani. Redio akaiinamisha chupa ya kahawa, likatoka tone moja.

— Ufagio upo, mwanangu, akasema taratibu. Penye ufagio hatubishi hodi.

Urho akainuka, akavuka barabara. Akabisha.

— Nani?

Sauti ilikuwa ya Lempi, imekauka.

— Mimi, Urho.

— Ondoa ufagio, Urho. Tangu ulipouegemeza Jumamosi nautafuta mlango wa nyumba hii ya magogo siuoni, na humu ndani tuko wengi.